Mbwa mkubwa na barabara ya bodaboda: nimfungulie ufukweni alfajiri au nibaki na kamba?

MfugajiMadale

Habari za muda huu wakuu, naomba ushauri kwa wale wanaofuga mbwa wakubwa hapa Dar. Nina dume chotara wa boerboel (yale majibwa ya ulinzi ya Afrika Kusini), miaka miwili na ushee, shemeji alinikabidhi alipohamia mkoani na familia yake, chanjo anazo na kadi ninayo. Ndani ya geti hana neno, watoto wanamlalia, dada wa kazi anampa chakula anamsukuma na mguu akae pembeni anakaa.

Shida ni nje. Huku kwetu barabara haina njia ya waenda kwa miguu, upande mmoja mtaro upande mwingine ukuta wa watu na katikati bodaboda zinapita zinakugusa kiwiko. Jamaa akiisikia tu pikipiki inakuja anakaza mwili, masikio mbele, ikifika usawa wetu anaruka na mimi nabaki nimeshikilia kamba na miguu miwili inateleza kwenye kokoto. Baiskeli ya muuza mkate hivyohivyo, na watoto wakitoka shule wanakimbia ndo kabisaa. Hajawahi kung'ata mtu, niweke wazi hilo.

Sasa kuna jirani naye anafuga wawili, ananiambia namtesa mnyama na hiyo kamba, eti nimpakie kwenye gari saa 11 alfajiri niende naye ufukweni Kunduchi nimfungulie akimbie mpaka ulimi utoke, mbwa aliyechoka hana habari na bodaboda. Yeye ndo zake, na mtu akishtuka anampigia kelele kwa mbali "usiogope haumi huyo". Kwakweli roho yangu inasita lakini pia namwonea huruma mbwa, hana pa kukimbia, uwanja wa nyumbani mdogo. Mnasemaje, nimfungulie muda ambao hakuna watu au kamba siku zote? Na hii tabia ya bodaboda inaondokaje?

Kibopa Mstaafu

Fungulia tu mkuu. Alfajiri ufukweni hakuna mtu, mbwa anaogelea, anarudi nyumbani analala mpaka jioni. Mimi enzi zangu ndo nilikuwa nafanya hivyo na hakuna aliyenifuata.

Geti Kali

Hahaha mbwa wa kutembezwa na kamba kama mtoto wa chekechea, mmeshaingiwa na uzungu. Mbwa kazi yake geti. Mchana bandani, usiku unamwachia uani, basi. Umtoe nje ukafanye nae nini, ukamwonyeshe mji?

pwani_pwani

Kibopa na wewe ulikuwa unaenda ufukwe gani huo usio na watu alfajiri? Mimi nanunua samaki Kunduchi miaka sasa, saa 11 pale ndo kumekucha kuliko saa 4. Ngalawa na boti zinaingia, wachuuzi wamejaa na ndoo, akina mama wa kukaanga wapo, mnada unaanza gizagiza na tochi za simu. Ukisogea mbele kidogo kuna vijana wanapiga mazoezi ya mpira mchangani, kuna wazee wa kutembea kwa ajili ya presha na sukari, na hao wazee ndo wa kuwaonea huruma maana mbwa hata asipong'ata, akimkimbilia mzee wa miaka sabini na kitu akaanguka nyonga ikavunjika, hapo umemwambia haumi umemsaidia nini?

Alaf kuna jambo watu wa mjini hawalijui. Wavuvi wakitoa nyavu wanachagua, wasiyemtaka wanamtupa hapohapo mchangani, na mmojawapo ni bunju, yule samaki anayejivimbisha kama puto. Bunju ana sumu, na sumu yenyewe haina dawa ya kuivunja, mtu akila vibaya anapooza pumzi inakata, sasa mbwa aliyefunguliwa mita mia mbele yako kwenye giza anaokota anachotaka, utamuona saa ngapi? Nimeshaona mbwa wa watu anatapika na kuyumba kama mlevi pale pale kwenye mchanga na mwenyewe hajui kala nini. Ukiwa na kamba unamuona anainama unamvuta. Mimi sifugi mbwa lakini ningekuwa naye pale angekuwa mkononi.

Abuu Salmin

Asalaam aleykum na habari kwa wote. Mimi nitasema upande ambao wafugaji wengi hawaufikirii, si kwa ubaya. Muda huohuo wa saa 11 mnaouita hakuna watu ndo sisi tunatoka msikitini. Wengi wetu pwani hii tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwetu mbwa akikugusa akiwa amelowa au akakulamba ni najisi nzito, unaosha mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Mkavu kwa mkavu hakuna shida, anapita na mimi napita. Sasa mbwa aliyetoka kuogelea baharini amelowa chapachapa anakuja kunirukia kanzu kwa furaha, na mwenye mbwa yuko kulee anacheka anasema anakupenda huyo. Ndugu yangu sijakuuliza kama anauma. Nilishageuza njia siku nyingi nikapita barabara ya vumbi kumkwepa mtu wa namna hiyo.

Na siwachukii mbwa. Kumdhulumu ni dhambi na kumpa maji ni thawabu, hilo tumefundishwa toka madrasa. Ninachoomba ni urefu wa kamba tu, mimi nijue mwisho wake uko wapi.

MfugajiMadale

Sheikh umenigusa, hilo la kulowa sikuwa nalijua kabisa. @pwani_pwani na la bunju pia. Basi ufukweni tusubiri kwanza. Lakini bado sijajibiwa la bodaboda, maana kamba ninayo na ndo hiyo inayonivuta bega.

DktMifugo

Mkuu kabla hujafika kwenye bodaboda niseme la chanjo, umesema anazo, hongera, ila angalia tarehe. Ya kichaa cha mbwa inaanza akiwa na miezi mitatu na inarudiwa kila mwaka, si ya maisha. Naona kadi nyingi zimeandikwa vizuri mara ya kwanza halafu kimya. Kama yako imepita mwaka nenda kwa afisa mifugo wa kata au kliniki ya karibu wiki hii, na huwa kuna kampeni za chanjo kuelekea tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, fuatilia matangazo ya halmashauri yako.

Kwanini naligusa kwenye mada ya kamba. Kwa sababu mbwa wako akimparura mtu hata kwa bahati mbaya, swali la kwanza hospitali watamuuliza mbwa ni wa nani na ana chanjo. Kama mwenyewe anajulikana na mbwa yupo, anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Mbwa mwenye ugonjwa anaweza kuwa na virusi kwenye mate siku chache kabla hajaonyesha dalili, akimaliza siku 10 mzima basi siku ile alipong'ata mate yake yalikuwa salama. Mbwa aliyefunguliwa akakimbia zake hakuna wa kumwangalia, mtu anamaliza sindano zote na hela yake na wasiwasi juu. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanakadiria watu kama 59,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa, na katika kila kumi kama wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu hatuna tiba, ndo maana nashikilia hili.

Na kwa yeyote anayesoma hapa, ukiumwa na mbwa yeyote osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, saa mkononi, usikadirie, halafu hospitali siku hiyohiyo. Hakuna kuweka pilipili wala mafuta ya taa wala unyoya wa kuku. Usisubiri kwanza zile siku 10 za mbwa ndo uende, unaanza sindano, mbwa akitoka salama daktari ndo atakwambia usimamishe.

Geti Kali kaka, mbwa wa kukaa bandani mchana kutwa asione mtu wala pikipiki ndo huyohuyo siku geti likisahaulika wazi anatoka kama risasi. Watoto wa watu wanashonwa hospitali, na mara nyingi mbwa hakuwa koko, alikuwa wa geti.

Geti Kali

Sawa dokta, hapo umenibana kidogo. Ila mbwa wangu geti halisahauliki.

Shangazi wa Goba

Halisahauliki mpaka siku mleta gesi kaingia. Haya.

Mfunza Mbwa Moro

Niliwahi kufundisha mbwa wa kampuni ya ulinzi miaka kadhaa, sasa nafanya kwa watu binafsi, nitaandika kirefu mnisamehe.

Mkuu MfugajiMadale kwanza niambie kamba yako ni ya nini. Maana nikisikia "inayonivuta bega" nawaza moja kati ya mawili, au una mnyororo au una ile ya kujirefusha yenyewe inayoingia kwenye kibox. Mnyororo ni mzito, unakata mkono, na mbwa anausikia mlio wake kabla yako. Ile ya kibox achana nayo kabisa kwa mbwa wa kilo hamsini, ule uzi ukikupitia vidoleni anavyochomoka unaunguza na unaweza kukata kidole, na kibox kikikuponyoka mkononi kinamburuta nyuma kinagonga chini kwa kelele, mbwa anaona kinamfukuza anazidi kukimbia. Tafuta mkanda bapa wa mita moja na nusu mpaka mbili, basi. Tundu la kushikia pitisha dole gumba halafu funga ngumi juu yake, usizungushie mkanda mkono mzima kama bandeji maana siku akikuangusha mtaroni unaenda naye.

Mkanda wa shingoni usilegee. Vidole viwili vipite chini yake, zaidi ya hapo akirudi kinyumenyume anavua kama kofia. Kwa huyo wako ningependa umvalishe mkanda wa kifuani, ule wenye pete mbele kwenye kidari, akivuta unamgeuza aje upande wako badala ya kumpa nguvu ya kukokota. Wenye pete ya mgongoni peke yake unamfundisha kuvuta mkokoteni. Na mimi huwa nafunga sehemu mbili, kifuani na shingoni, kwa kakamba kadogo ka kuunganisha, kimoja kikikatika kipo kingine.

Sasa bodaboda. Huyo mbwa hana ubaya na dereva, kitu kinachokimbia kinamwamsha damu ya kukimbiza, na kila siku anaruka bodaboda inaondoka, kwenye akili yake yeye ndo kaifukuza. Ameshinda. Kesho anaruka zaidi. Na wewe ukiiona tu pikipiki unakaza kamba, yeye anasikia shingo imebanwa anajua kuna hatari inakuja, mnaambukizana presha. Kumchapa pale pale ndo mbaya zaidi, anajifunza kwamba bodaboda ikija napigwa, anaichukia mara mbili.

Unachofanya unaanza mbali. Tafuta sehemu unaiona barabara lakini uko mbali kiasi kwamba pikipiki ikipita anaiangalia ila bado anaweza kula kitu mkononi mwako. Kwa mwingine ni mita thelathini, kwa mwingine themanini, yeye mwenyewe atakwambia, akikataa chakula uko karibu mno, rudi nyuma. Chukua maini ya kuchemsha umekata vipande vidogo kama kucha, au dagaa wakavu, si pumba na ugali wake wa kila siku, kiwe kitu anachokipenda kuliko vyote. Pikipiki inatokea, unampa, unampa, unampa, imepita, unaacha. Haionekani hakuna maini. Baada ya muda utaona inatokea na yeye anageuza shingo kukuangalia wewe, kama anakudai. Hapo ndo pa kushangilia, na hapo ndo unasogea hatua chache karibu. Fanya vifupi, dakika kumi zinatosha, mnaondoka akiwa bado anataka. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi kwa dume la umri huo ambalo limeshashinda bodaboda nyingi, usikate tamaa na usiruke hatua.

Wakati unaendelea na hilo usimpitishe kwenye ile barabara yako nyembamba saa za pikipiki nyingi. Kila akiruka mara moja umebomoa kazi ya siku kadhaa. Mtoe usiku saa 4 au alfajiri mapema mtaani kwako, mpakie mkapate kiwanja, zungusha. Na pikipiki ikikukuta uso kwa uso, geuka. Geuka tu mwende mlikotoka, au ingia kwenye kona ya geti la mtu, simama wewe uwe kati ya mbwa na barabara, mwagia maini chini anuse aokote mpaka ipite. Hakuna aibu kugeuka.

La mwisho, kikapu cha mdomoni. Najua watu wanaona mbwa akivaa kile ni jambazi. Mimi naona ni usalama wa watu na wa mbwa. Kiwe cha vitundu, chenye nafasi, anaweza kuhema ulimi nje na kunywa maji, maana mbwa hatoi jasho kama sisi anapoa kwa kuhema, vile vya kitambaa vinavyobana mdomo na joto la Dar unamuua. Mzoeze nyumbani kwanza, weka maini ndani yake aingize pua mwenyewe, siku nyingi, usimfunge kwa nguvu siku ya kwanza ukatoka nae.

Kukimbia anahitaji kweli, jirani yako hajakosea hapo. Ila si lazima awe huru. Nunua kamba ya manila nyepesi mita kumi, ifunge kwenye mkanda wa kifuani na si wa shingoni (akifika mwisho kwa kasi anaweza kujiumiza shingo), tafuta kiwanja kilichozungushiwa ukuta, omba ruhusa, akimbie humo na wewe ukanyage ncha. Na pua inachosha kuliko miguu, mfichie vipande vya chakula kwenye nyasi avitafute, nusu saa ya kunusa analala kama amelima.

MfugajiMadale

Aisee mkufunzi umemaliza. Kamba ni mnyororo, ndiyo alikuja nao. Wiki hii naubadilisha. Swali dogo, na mbwa koko wanaotujia? Maana kwetu kuna genge la wanne hivi wanalala kwenye pagale, wakituona wanatoka wote, wangu anachafuka na mimi niko katikati.

Shangazi wa Goba

Hapo na mimi niongee maana nakimbia asubuhi na hao ndo rafiki zangu. Inama kama unaokota jiwe. Hata kama hakuna jiwe. Mbwa wa mtaani Bongo anaijua hiyo lugha toka tumboni mwa mama yake, tisa kati ya kumi wanarudi nyuma. Usikimbie hata roho ikitaka kutoka, ukikimbia umewapa mchezo. Simama upande, usiwakazie macho, rudi nyuma taratibu, weka begi au mwavuli mbele yako wang'ate hicho. Na Mungu apishie mbali ukianguka jikunje, mikono nyuma ya shingo na masikioni, nyamaza.

Alaf MfugajiMadale nikwambie kutoka upande wetu wakimbiaji, mtu mwenye mbwa mkubwa kwenye kamba fupi akaniona kwa mbali akasogea pembeni akamkalisha, mimi namsalimia kwa moyo mmoja na naongeza mwendo napita. Huyo jirani yako wa "haumi" namjua, yaani si yeye, ila kila mtaa unaye. Mimi nitajuaje haumi? Kaniandikia cheti? Nina kovu hapa kwenye shavu la mguu la mbwa ambaye mwenyewe alikuwa anasema hivyohivyo huku kashaning'ang'ania.

Mfunza Mbwa Moro

Shangazi kasema sawa. Nyongeza tu ukiwa na wako mkononi, mweke nyuma yako, endelea kutembea kwa kukata pembeni, usisimame mkaangaliana. Beba fimbo ndefu ya kuweka kati, si ya kupiga. Wakishikana kabisa usiingize mkono shingoni kutafuta mkanda, hapo ndo wenye mbwa wengi wanang'atwa na mbwa wao wenyewe. Ndoo ya maji, au watu wawili kila mmoja anavuta mbwa kwa miguu ya nyuma kama toroli, kurudi nyuma.

Wakili wa Mtaani

Napita kuweka la sheria kwa kifupi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kwa mnyama aliye mikononi mwake anaweza kushtakiwa. Haisemi mpaka mbwa awe ameua. Na upande wa madai, aliyeumwa anaweza kukudai fidia, na jambo moja linalokumaliza mahakamani ni kujua. Mkuu umeshaandika hapa kwa mkono wako kwamba anaruka bodaboda. Huwezi tena kusema ulikuwa hujui tabia yake. Sasa fikiria jirani yako anayepiga kelele "haumi" kila asubuhi, maana yake anajua watu wanaogopa na anajua mbwa anawafuata. Mbwa akimwangusha mwenye bodaboda na abiria, hesabu ni yako, na mara nyingi linaanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mnakubaliana matibabu, ikishindikana polisi.

Kuna pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, hiyo inakubana upande wa pili, Geti Kali, mbwa wa kufungwa mnyororo mfupi juani bila maji nayo ni kesi.

Geti Kali

Leo mmeniamulia 😂 maji anapewa wakili.

nai_254

Wasee wa Bongo, huku Nairobi twende Karura Forest uone. Mbwa zinaruhusiwa, lakini sheria yao ni moja, lazima iwe na kamba saa zote, na mavi yake unaokota unatoka nayo. Na watu bado wanafungua tu wakishapita geti kidogo, ati "yangu imetrainiwa". Sasa msitu uko na watu wa baiskeli, watoto wa shule wamekuja tripu, nyani, na swara wadogo wa msituni, hiyo mbwa imetrainiwa ikiona swara inasahau jina yake. Mimi niko na shepadi jike, nilikuwa nafikiria kama mwenye hii thread, nikaanza kutumia kamba ndefu ya mita kumi vile mkufunzi amesema, iko sawa kabisa. Na ukiona mwenye kamba fupi anakwambia "shika mbwa yako", shika. Usianze kumwambia yako inataka tu kucheza, labda yake ni mgonjwa ama ilishaumwa na ingine ikawa na uoga.

Mbongo Ughaibuni

Niko Uingereza, watu wanadhani huku mbwa wako huru tu kwenye mapaki. Ni kweli sehemu nyingi unaweza kufungua, lakini sheria yao ya mbwa hatari ya 1991 haingoji mpaka mbwa ang'ate, mtu akiwa tu na sababu ya kuogopa kwamba mbwa atamdhuru inatosha kuhesabiwa umeshindwa kumdhibiti. Toka 2014 wameongeza mpaka ndani ya nyumba yako na uani, ile hoja ya "kaniingilia getini" haina nguvu kama zamani isipokuwa kwa mwizi. Na wale XL Bully, aina ya majibwa yenye misuli, toka tarehe 31 Desemba 2023 England na Wales hawatoki nje bila kamba na kikapu mdomoni, na toka 1 Februari 2024 kumfuga bila cheti cha msamaha ni kosa. Mbwa akiwa barabarani lazima shingoni awe na jina na anwani ya mwenyewe. Hilo la mwisho mnaweza kulianza hata kesho huko, kipande cha bati kimechongwa namba ya simu, mbwa akipotea anarudi na akifanya jambo mwenyewe anajulikana.

Ila huku nako wapo wa "he's friendly", msijione peke yenu.

Kibopa Mstaafu

Mimi nimesoma yote. Nabaki na msimamo kwamba mbwa anahitaji bahari. Ila sawa, kwa kamba ndefu, na si Kunduchi sokoni.

Abuu Salmin

Mzee Kibopa hapo tumeelewana. Kwa kamba ndefu nakupisha na salamu nakupa.

MfugajiMadale

Nashukuru sana wakuu, kadi nimeiangalia, imebaki miezi miwili chanjo ifike mwaka kwahiyo naiwahisha. Jirani nimemtumia hii thread ameisoma kajibu "sawa" tu. Swali la mwisho mkufunzi, hiyo mikanda ya kifuani saizi ya boerboel nimezunguka maduka mawili ya dawa za mifugo nimekuta ya vimbwa vidogo vya mapambo tu.

Mfunza Mbwa Moro

Usihangaike na madukani. Nenda kwa wanaouza spea za gari zilizotumika uombe mikanda ya siti miwili, ile ya usalama, haikatiki na haiumizi mkono. Peleka kwa fundi wa begi au wa viti vya magari, anashona kwa cherehani nzito. Mpime mbwa kifua nyuma ya miguu ya mbele na shingo chini kabisa, ongeza vidole viwili. Pete za chuma na kile kindoano cha kubana chenye springi vipo hadwea, chukua cha chuma kizito, visije vile vya kung'aa vya funguo vinavunjika. Mwambie ashone msalaba ndani ya kiboksi kila kwenye pete, mstari mmoja haushikilii kilo hamsini. Ukifika nyumbani kabla hujatoka nae funga kwenye mti uvute kwa uzito wako wote, kama mshono unalia rudisha kwa fundi.

Shangazi wa Goba

Na rangi mkuu tafuta ya kung'aa au shonea ile tepu ya kumulika, saa 11 bodaboda nyingi hazina taa.